Mabondia wa uzito wa juu wa zamani na hawa wa leo: tunawapima kwa mizani gani?

Kocha wa Naguru (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Usiku ule wa Julai 2025 Usyk, bondia wa uzito wa juu kutoka Ukraine, alipomlaza Dubois raundi ya tano pale Wembley, tulikuwa kwenye kibanda cha video hapa Naguru, Kampala, tumebanana kama matoke kwenye lori la Mbarara. Kijana mmoja ninayemfundisha, mwenye mkono mzuri kweli, akasimama na kusema kwa sauti: "Wale wazee wa picha nyeusi na nyeupe, akina Joe Louis, mbele ya hawa wangelala raundi ya kwanza." Kibanda kizima kikamuunga mkono.

Sikumjibu pale pale, lakini neno lile limenikaa kifuani hadi leo. Nafundisha ngumi, na najua mtoto akishaamini kwamba wazee hawakujua kitu, hatajifunza kwao. Na yako mambo katika mchezo huu ambayo wao waliyajua kuliko yeyote anayepanda ulingoni leo. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nianze na picha zenyewe, maana hapo ndipo vijana wengi wanapotelea. Kamera za miaka ile ya mwanzo zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha alipata picha kama 16 hadi 18 kwa sekunde. Baadaye filamu zenye sauti zilipokuja, mashine za kuonyeshea zikaenda kwa picha 24 kwa sekunde. Kwa hiyo ukichukua filamu ya kale ukaipitisha kwenye mashine mpya bila kuirekebisha, mtu anayetembea anaonekana anarukaruka na ngumi yake inaonekana kama mtu anayefukuza nyuki. Mtazame Jack Dempsey akimpiga Jess Willard pale Toledo tarehe 4 Julai 1919. Kwenye nakala mbovu utamwona kama kichaa. Tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo, utaona mtu anayeinama, anahamisha uzito kutoka goti moja hadi jingine, kisha anaachia ngumi fupi ya kuzunguka kutoka chini ya macho ya mpinzani. Willard alikuwa na kilo 111, Dempsey hakuzidi kilo 85. Akamwangusha mara saba katika raundi ya kwanza peke yake.

Kijana atasema, "Lakini kocha, alikuwa anampiga kabla hajasimama vizuri." Ni kweli, kwa sababu siku hizo hakuna aliyemlazimisha aende kona ya mbali. Kanuni ya kwenda kona ya mbali ukimwangusha mtu ilikuja kumtesa Dempsey mwenyewe mwaka 1927 kule Chicago. Alimwangusha Tunney, akabaki amesimama karibu naye, mwamuzi akakataa kuanza kuhesabu mpaka asogee, na Tunney akapata sekunde za ziada za kujikusanya. Ukimhukumu bondia, mhukumu kwa sheria alizopigania.

Sasa kafungue pambano la Louis na Schmeling la mwaka 1938. Zima sauti. Usitazame ngumi kabisa, tazama miguu. Louis haruki hata mara moja. Anateleza sentimita chache tu, mguu wa nyuma daima uko chini ya nyonga, na kila akifika mahali amefika akiwa tayari kupiga. Miaka miwili kabla, Schmeling huyo huyo alimlaza raundi ya 12 kwa sababu aligundua Louis akipiga jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, anaurudisha mkono chini. Safari hii mkono ulirudi juu, na kazi ikaisha kwa sekunde 124. Kosa moja, limerekebishwa, mpinzani yule yule. Huo ndio ufundi ninaousema.

Karibuni tujadili, lakini kwa hoja.

Dereva wa Malaba

Kocha, nakuheshimu, ila hapa sitakubali kirahisi.

Tuchukue mfano wetu wa nyumbani. John Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena kutoka njia ya kwanza ambayo wakimbiaji wengi huichukia. Kila Mganda anaijua. Karsten Warholm kule Tokyo amekimbia 45.94. Muda wa Akii-Bua leo haukupi medali ya Olimpiki. Tunampenda, tutampenda daima, lakini saa haina mapenzi.

Kama binadamu wamekuwa wepesi zaidi kwenye mbio, kwenye kuogelea, kwenye kuinua vyuma, kwa nini ngumi peke yake ndiyo ibaki nyuma? Na bado sijagusa ukubwa. Fury, lile jitu la Uingereza, alipanda ulingoni Desemba 2024 akiwa na kilo 127. Marciano, bingwa wa miaka ya 1950, alikuwa na kilo 84 na urefu wa mita 1.79! Mikono ya Fury ni mirefu kiasi kwamba Marciano asingeweza hata kumfikia. Leo hii Marciano na Dempsey wote wangepelekwa uzito wa kruza, ambao mwisho wake ni kilo 90.7. Hiyo si dharau, ni mzani unasema.

Mama Bombo

Wanangu, mimi ngumi nimezikuta nyumbani. Marehemu baba alikuwa askari, na hapa Bombo jioni za Jumamosi mabwana walikuwa wakifunga kamba kwenye miti na kupigana hadi maghrib. Ninyi mnataja Wamarekani tu. Mbona Benson Masanda hamumtaji? Edinburgh mwaka 1970, michezo ya Jumuiya ya Madola, medali ya dhahabu ya uzito wa juu, Mganda! James Odwori akachukua dhahabu ya uzito mdogo kabisa, na Muhamad Muruli naye akachukua yake. Dhahabu tatu za ngumi katika safari moja.

Baba alikuwa akisema mtu mkubwa anaogopwa na asiyejua kumkaribia. Nawaacha na hilo.

Kocha wa Naguru

Mama, asante sana, umenifanya nitabasamu. Masanda ni deni letu sote. Vijana wangu wanawajua mabondia wetu Mugabi na Kalule, wakifika kwa Masanda wanatumbua macho.

Ndugu Dereva, hoja ya Akii-Bua ni nzito na nimeifikiria siku nzima. Hivi ndivyo ninavyoiona.

Mkimbiaji anashindana na njia na saa. Ukiboresha uwanja, kiatu, chakula na mazoezi, saa inashuka, hakuna mjadala. Bondia anashindana na mtu anayemzuia. Anachohitaji zaidi ya mapafu ni kusoma: huyu akishusha bega la kushoto anataka nini, akivuta pumzi vile amechoka au ananitega? Kusoma huko hujifunzi kwenye mashine ya kukimbilia. Unajifunza kwa kupigana mara nyingi, na watu wengi wa aina nyingi. Ezzard Charles alipanda ulingoni mara zaidi ya 100 za kulipwa. Archie Moore ambaye Marciano alipigana naye mwaka 1955 alikuwa amepita hata hapo. Louis kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alitetea mkanda mara saba, kila mwezi mtu mpya. Bingwa wa leo akipigana mara mbili kwa mwaka tunasema amefanya kazi.

Utaniambia, "Na Usyk je? Mapambano yake ya kulipwa hayafiki hata 30." Kweli, na hapa nakubali kitu. Usyk amekuja na mamia ya mapambano ya ridhaa, dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na ukoo wa makocha wa Ukraine nyuma yake. Yeye alisomea kwenye darasa jingine, lakini masaa aliyokaa darasani ni mengi kama ya wazee. Wanaonitia mashaka ni wale waliochukuliwa kwa sababu ya urefu wao, wakapewa wapinzani 15 wa kuangusha, kisha wakaitwa mabingwa watarajiwa. Hao, akina Louis wangewala.

Sasa ukubwa. Hatuwezi kusema kwa uhakika Louis angefanya nini mbele ya Fury. Ila tunaweza kutazama watu waliopigana katika enzi mbili, maana miili yao ndiyo daraja.

George Foreman alikuwa na miaka 25 Ali alipomwangusha Kinshasa raundi ya nane, tarehe 30 Oktoba 1974. Foreman yule yule, miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba 1994, alimlaza Michael Moorer raundi ya kumi akachukua mkanda. Alikuwa na miaka 45, Moorer 26, hajawahi kupoteza, na miezi michache tu kabla alikuwa amemshinda Holyfield. Foreman hakuwa na kasi tena. Raundi tisa alikuwa anapigwa. Alichokuwa nacho ni ule ufundi wa kuvuka mikono mbele ya uso, mtindo wa Archie Moore, na subira ya kusogea nusu hatua kwa nusu hatua mpaka Moorer akasimama mahali alipotakiwa asimame. Kisha kulia moja fupi. Na nani alikuwa kwenye kona ya Foreman usiku ule? Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kwenye kona ya Ali kule Kinshasa! Kila nikisimulia hili vijana wanadhani natunga.

Larry Holmes, aliyekuwa akifanya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, na Ali miaka ya sabini, mwaka 1992 akiwa na miaka 42 alimshinda kwa pointi Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, ambaye hakuwa amepoteza. Holmes aliegemea kwenye kona, akamwita kwa kidole, akampiga jebu usiku kucha. Mercer huyo huyo miaka minne baadaye alimtoa jasho Lennox Lewis, raundi kumi, majaji hawakukubaliana wote. Na Lewis ndiye aliyemsimamisha Vitali Klitschko mwaka 2003. Unaona kamba inavyoungana? Sisemi Holmes mzee angemshinda Lewis, ngumi haziendi kwa hesabu hiyo. Nasema mtu wa miaka ya sabini, akiwa amechakaa, alimfundisha ngumi kijana bora wa miaka ya tisini.

Dereva wa Malaba

Nimesoma yote, kocha. Foreman amenishika. Lakini Foreman alikuwa mkubwa hata kwa leo, na Holmes pia alikuwa na mita 1.91. Nipe mtu wa saizi ya Ali dhidi ya jitu.

Kocha wa Naguru

Umeuliza swali ambalo Riyadh imelijibu.

Usyk ana urefu wa mita 1.91 na upana wa mikono sentimita 198. Ali? Mita 1.91, sentimita 198. Vipimo vile vile! Ali alipomcharaza Cleveland Williams kule Houston mwaka 1966 alikuwa na takriban kilo 96, Usyk huwa kwenye kilo 101 au 102. Na Usyk amempiga Fury mara mbili mwaka 2024, mara ya pili akiwa amezidiwa kilo karibu 25. Kwa hiyo ule ukuta wa ukubwa mnaousema upo, lakini una mlango, na mlango wenyewe ni miguu.

Angalia raundi ya tisa ya pambano la kwanza la Riyadh, pale Fury alipoyumba mpaka kamba zikamshika na mwamuzi akahesabu. Kabla ya ile ngumi ya kushoto, Usyk alikuwa ameshasogeza mguu wake wa kulia nje ya mguu wa mbele wa Fury. Hilo ni somo la zamani la mashoto, mabondia wa mkono wa kushoto. Ayub Kalule wetu alilitumia, akalichukua mpaka Akita, Japan, mwaka 1979, akarudi na mkanda wa dunia, Mganda wa kwanza.

Lakini nisiwe mpenzi wa wazee tu. Marciano simpi ushindi mbele ya Lewis, wala mbele ya Wladimir Klitschko. Rekodi ya 49 bila kupoteza naiheshimu, moyo wake siufananishi na wa mtu, lakini mikono yake ilikuwa mifupi hata kwa wakati wake, na Walcott akiwa na miaka 38 alikuwa akimpiga vizuri mpaka raundi ya 13. Wladimir asingekuwa Walcott aliyechoka. Angemshika shingo, akamlalia kwa kilo 110, akamchosha. Wengine wataniambia huko kumlalia mtu si ngumi. Ni ngumi, wakuu. Jack Johnson alifanya hivyo hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mtazame na Jeffries kule Reno mwaka 1910: anaweka kiganja juu ya msuli wa mkono wa mpinzani, ngumi inafia pale pale kabla haijazaliwa, kisha anampiga yeye kwa mkono ulio huru huku anaongea na watu wa pembeni. Hilo siku hizi karibu hakuna anayelifundisha. Watu wakikumbatiana wanasubiri mwamuzi awatenganishe, wanapumzika. Johnson kwenye kukumbatiana ndipo alipokuwa akifanya kazi.

Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mabondia wa leo wamewapita wazee kwenye masafa marefu: jebu ya mtu mkubwa, kupima umbali, kupiga na kutoka. Hakuna mtu wa mita 2 wa miaka ya 1930 aliyejua kuutumia mwili wake kama Wladimir. Primo Carnera alikuwa na kilo karibu 118, na Louis alimbomoa raundi ya sita mwaka 1935 kwa sababu Carnera hakuwa amefundishwa kuufanya urefu kuwa silaha. Lakini kwa karibu, kifua kwa kifua, paji la uso begani, wazee walikuwa na lugha nzima ambayo leo zimebaki sentensi mbili tatu.

Na ilibaki kwa sababu ya walimu. Eddie Futch alikuwa kijana Detroit, akifanya mazoezi chumba kimoja na Joe Louis. Futch huyo ndiye aliyekuwa kona ya Frazier kule Manila mwaka 1975, akamkataza kutoka kwa raundi ya 15. Na ndiye aliyemfundisha Riddick Bowe kumshinda Holyfield mwaka 1992. Tazama Bowe anavyopiga apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, akiwa karibu, kilo zaidi ya 106 lakini anapiga ndani ya sentimita 20. Somo limetoka chumba cha Louis hilo.

Mama Bombo

Baba alikuwa na maneno: mkaribie, mguse, kisha mpige. Kumbe ni hayo.

Dereva wa Malaba

Raundi je? Umesahau raundi.

Kocha wa Naguru

Sijasahau, nilikuwa naziogopa, maana hapo naweza kuandika mpaka asubuhi.

Ubingwa ulikuwa raundi 15. Baada ya Duk Koo Kim kufariki kutokana na pambano lake na Mancini mwezi Novemba 1982, vyama vya ngumi vya dunia vikaanza kushusha hadi 12, na kimoja chao, IBF, kikawa cha mwisho mwaka 1988. Ni uamuzi uliookoa maisha na siupingi hata kidogo. Nimewahi kumshika kijana mikononi akiwa hajui yuko wapi, na sitaki tena.

Lakini raundi tatu zile zilikuwa mtihani tofauti. Johnson alipopoteza kwa Willard kule Havana mwaka 1915, pambano lilipangwa raundi 45 na lilifika ya 26, kwenye jua. Mtu anayejua atapigana muda huo haanzi kwa kasi ya Dubois. Anagawa pumzi yake kama mama anavyogawa posho ya mwezi. Ndiyo maana wanaonekana wavivu kwa macho ya leo. Ongezea glovu: leo uzito wa juu wanavaa za wakia 10, wazee walivaa nyepesi zaidi. Glovu kubwa inaziba uso ukiinua mikono. Ya zamani haikuzibi, kwa hiyo ilibidi ukwepe kwa kichwa au uidake ngumi kwa kiganja. Kijana anamwona Louis ameweka mikono mbele kidogo, anasema "hajui kujikinga." Anajikinga, ssebo, kwa njia ya vifaa alivyokuwa navyo.

Dereva wa Malaba

Basi toa jibu, kocha. Louis na Usyk. Usizunguke.

Kocha wa Naguru

Raundi 12, glovu za wakia 10, mwamuzi wa leo: Usyk kwa pointi.

Sababu yangu ni Billy Conn. Juni 1941, New York, Conn mwenye kilo zisizofika 80 alimzungusha Louis raundi 12 nzima. Majaji wawili walikuwa na Conn mbele, mmoja sare. Louis hakupenda mtu anayemzunguka na kutoka pembeni, na Usyk ni Conn mwenye kilo 20 zaidi na mkono wa kushoto mbaya.

Lakini pambano lile lilikuwa la raundi 15. Raundi ya 13 Conn alidhani ameshammaliza, akasimama kubadilishana naye. Zilibaki sekunde mbili kengele igonge, Conn akahesabiwa mpaka kumi. Kwa sheria za leo, Conn angerudi nyumbani na mkanda. Kwa raundi 15 na glovu za wakati ule, nampa Louis.

Dereva wa Malaba

Nimelitazama jana usiku hapa mpakani nikisubiri foleni ya malori, simu imeegemea usukani, sauti nimezima kama ulivyosema. Nimerudia raundi ya 13 mara nne. Kocha, Conn hakusimama ghafla. Raundi ya 12 alimtikisa Louis, na kuanzia hapo mguu wake wa nyuma ukaacha kumtoa pembeni. Louis hakubadilisha chochote, alisubiri tu.

Kocha wa Naguru

Umeona. Jumatatu nawawekea vijana wangu raundi hizo mbili, ya 12 na ya 13, kabla hawajafunga bendeji. Ukipita Kampala na mzigo, ingia Naguru saa kumi na moja jioni, umweleze yule kijana wangu kuhusu huo mguu. Akisikia kutoka kwako atakuamini kuliko mimi.